Jiwe Jekundu la Soria

Asubuhi ile mkuu wa kituo, Kamishna Isidoro Valdeón, alikuwa amepandwa na mori hata kabla ya kahawa. Tangu Pasaka mahujaji walikuwa wakiibiwa katika nyumba za kulala wageni za León, leo simu, kesho pochi, na gazeti la mji lilikuwa limeanza kuuliza polisi wanalipwa kwa kazi gani. Kwa hiyo alipotokea mzee mmoja mwenye viatu vya vumbi akisema ameibiwa katika nyumba ya masista wa Santa Tecla, Valdeón hakutaka kujua ameibiwa nini. Alimwita Inspekta Honorina Getino akamwambia amchukue mzee huyo, amsikilize mpaka mwisho, na asirudi mikono mitupu.

Honorina alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushee, mwenye mwendo wa haraka na ulimi usiojua kupaka mtu mafuta. Alizaliwa mtaa wa Húmedo, juu ya baa ya baba yake, na tangu utotoni alikuwa amewaona mahujaji wakipita kuelekea Santiago wakichechemea, wakicheka, wakilia. Hawakumshangaza tena. Kilichomshangaza asubuhi ile ni uso wa Konstebo Belarmino Viñuela, msaidizi wake, bonge la mtu aliyebakiza miezi tu astaafu, ambaye alikuwa ameng'ata midomo asije akacheka mbele za watu.

Belarmino alimvuta pembeni ya kabati la mafaili.

"Ni jiwe," alinong'ona.

"Jiwe la thamani?"

"Jiwe jiwe, Inspekta. La kujengea nyumba."

Honorina alimtazama mzee. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, begi lake la mgongoni limesimamishwa katikati ya miguu. Mtu wa kutafuta vituko hakai namna ile. Honorina alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwomba aanze mwanzo.

Jina lake lilikuwa Saturio Lapeña, dereva mstaafu wa lori la maziwa, kutoka kijiji kimoja cha Soria. Alieleza kwa maneno machache, maana watu wa kwao maneno hutoa kama wanayakopesha. Alikuwa na mtoto mmoja, Eloy, fundi mwashi. Kazi zilikauka kijijini, kijana akakaa bure mwaka mzima, anashinda jikoni kwa mama yake akimenya viazi. Mwishowe alipata kibarua cha kukarabati kanisa dogo la jirani. Wiki ile ile ya kwanza jukwaa la ujenzi lilikatika. Msimamizi aliwaletea wazazi mkoba wa chakula wa marehemu, na jiwe alilokuwa akilichonga, jekundu, ukubwa wa mkate. Upande mmoja ulikuwa umeshalainishwa kwa tindo, pande nyingine bado.

"Mke wangu Benita nyonga yake mbovu, hawezi safari ya miguu," alisema. "Tukakubaliana nilipeleke mimi, nikaliweke pale Msalaba wa Chuma, juu mlimani, pale kila hujaji anapoacha jiwe alilotoka nalo kwao. Kila siku ananipigia simu. Habari zangu mimi haulizi. Anauliza, 'Mtoto amechoka?' Namwambia hajachoka, kabebwa. Sasa leo akipiga nimwambie nini?"

Belarmino aliacha kung'ata midomo. Alienda kuleta kahawa bila kuombwa.

Mzee Saturio akaongeza kwamba hakuja kumfunga mtu. Basi la kwenda Soria, lile la kubadilisha Valladolid, lilikuwa linaondoka alasiri. Jiwe likipatikana, angeendelea na njia yake mpaka mlimani. Lisipopatikana, hana la kufanya mlimani, angepanda basi arudi kwa mkewe akamwambie ana kwa ana kwamba amempoteza mtoto mara ya pili. Alilisema hilo la mwisho bila kupandisha sauti, na karani wa zamu aliyekuwa akigonga mihuri akaacha kugonga.

Honorina alimwomba ruhusa akafungua begi mezani, akatoa kitu kimoja kimoja. Pochi ilikuwepo, na hela zake ndani. Simu ilikuwepo. Kipande cha nyama kavu ya ng'ombe kilichofungwa karatasi kilikuwepo, na hicho mwizi mwenye njaa asingekiacha. Chini kabisa alikuta leso kubwa ya bluu. Mzee akasema ndiyo aliyokuwa amelivisha jiwe. Leso ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama ya kupelekwa kanisani.

"Umeikunja wewe?"

"Mimi sijawahi kukunja leso maishani mwangu. Muulize Benita."

Kando ya leso palikuwa na mrija wa dawa ya kuchua magoti, mpya, haujafunguliwa. Mzee alishangaa kuuona. Alidhani labda masista ndio waliomtilia, maana magoti yake yalikuwa yamevimba tangu Sahagún na kila mtu aliona. Honorina akashika kamba ya begi. Akauliza kama mzee ameigusa tangu agundue jiwe halipo. Mzee akajibu kwamba asubuhi aliona begi jepesi, akafungua, akatia mkono, akafunga tena. Lakini sasa alivyofikiri, kamba aliikuta imefungwa ovyo. Yeye hufunga fundo la kufungia shehena, lile la madereva wa malori. Alikuta kitanzi huku na kitanzi huku, kama viatu vya watoto wa shule.

Honorina akarudisha kila kitu mahali pake, isipokuwa mrija wa dawa, ambao aliutia mfukoni. Alimwacha mzee kituoni na kahawa yake, akamwambia asikate tiketi kwanza, akatoka na Belarmino.

Njiani Belarmino alitaka kujua wanamtafuta mtu wa namna gani. Honorina akamjibu kwa swali, ni mwizi gani anaacha hela, anakunja leso na kuongeza dawa. Belarmino akasema kwamba mwizi wa namna hiyo angeomba awe jirani yake.

Santa Tecla ni jengo la kale nyuma ya soko la nafaka, lenye ua katikati na mlango ambao kuupita lazima uinamishe kichwa. Asubuhi ile ua ulikuwa umejaa vumbi na kelele za nyundo. Ukuta wa upande wa bustani ulikuwa umelala kwa mvua za majira ya baridi, na mafundi walikuwa wakiujenga upya. Sista Casilda, aliyepokea wageni pale tangu enzi za kulala kwenye majani makavu, alikuwa akifagia mlangoni huku akilaani vumbi kwa maneno ambayo sista mwingine angeyaungama.

Alimpokea Honorina kama mwanawe, akamkalisha jikoni, akamweleza taratibu. Wanaume wanalala bweni la kushoto, wanawake la kulia, na kati yake kuna korido. Mabegi hayaingii mabwenini kwa sababu ya kunguni. Yananing'inizwa kwenye misumari koridoni, kila mtu wake. Mlango wa nje unafungwa mapema na ufunguo analala nao yeye. Kwa hiyo hakuna mtu wa nje aliyeingia, ila wa ndani yeyote, mwanamume au mwanamke, akienda msalani anapita kwenye mabegi ya wote. Na dawa ya kuchua? Sista alisema nyumba haina dawa ila aspirini na sala.

"Basi unamshuku nani, Sista?"

"Kushuku ni dhambi, mwanangu. Lakini wale wa Castellón."

Walikuwa wanne, wakulima wa machungwa, wapiga kelele, na walikuwa na mchezo wa mawe uliowafanya wacheke mpaka Sista akawagongea kengele. Bado hawajaondoka mjini. Mmoja wao ana lengelenge la kisigino na wote wamempeleka kunywa chokoleti uwanjani, kama vile chokoleti inatibu malengelenge.

Walikutwa pale pale, mabegi yamerundikwa chini ya meza. Msemaji wao, Ximo Peris, mwanamume mwekundu wa jua mwenye ndevu za wiki mbili, alipoona kitambulisho cha polisi alisimama kwa heshima na kumwaga chokoleti ya mwenzake. Honorina akamtaka aeleze mchezo wa mawe.

Ximo alieleza kwa aibu. Tangu Burgos walikuwa wakitiliana mawe mabegini kwa siri. Atakayefika jioni na jiwe bila kujua, ndiye anayenunua mvinyo. Ulikuwa mchezo wa wao kwa wao. Ila siku moja, walipokuwa El Burgo Ranero, walilewa kidogo wakatia jiwe la mtoni katika begi la yule mzee wa Soria.

"Akalibeba mpaka Mansilla," alisema Ximo. "Jioni akafungua begi, akalitoa, akaliweka mezani mbele yetu. Akasema asanteni kwa kunisindikiza. Basi. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyoachwa kanisani."

"Kwa hiyo jana mkamlipizia?"

"Inspekta, sisi tunaweka mawe. Hatutoi."

Belarmino hakuridhika. Alikagua mabegi ya wote wanne, moja baada ya jingine, na katika begi la Ximo mwenyewe, chini ya soksi, akagusa kitu kigumu kilichofungwa fulana. Akakitoa kwa madaha kama mtu anayefungua zawadi. Lilikuwa jiwe la kijivu, la mviringo, la mtoni. Ximo alilitazama kwa mdomo wazi, kisha akawageukia wenzake watatu, ambao walikuwa wameanza kutazama mnara wa kanisa kuu kwa bidii kubwa. Honorina akamwambia Belarmino alirudishe.

Alibakiwa na swali moja. Siku ile ya Mansilla, mzee alipoweka jiwe mezani, nani mwingine alikuwepo?

Wote wanne walijibu kwa pamoja. Mama Visi. Visitación Ezquerra, mjane wa Logroño, aliyekuwa akitembea na mzee tangu Burgos. Aliwasuta mbele ya bweni zima, akawaita watoto wasiokanyaga shule, akawaambia kwamba mtu mwenye magoti kama yale hata barua asingebebeshwa. Ximo akaongeza kwamba alimwona asubuhi ile ile pale Santa Tecla, ameinama kwenye lundo la mawe la mafundi, anayapindua moja moja kama mtu aliyedondosha pete. Alimuuliza kama amepoteza kitu, akazidi kupindua.

Honorina alilipa kahawa yake, akarudi Santa Tecla kwa mwendo ambao Belarmino hakuupenda.

Mama Visi alikuwa jikoni, anawasaidia masista kumenya vitunguu saumu vya supu. Alikuwa mwanamke mpana, nywele fupi za mvi, aproni ya kuazima. Honorina aliangalia mikono yake kwanza. Kucha zilikuwa na chokaa nyeupe mpaka kwenye nyama, na vidole viwili vilikuwa vimechubuka. Akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Visi akasema alikuwa mpishi wa shule ya chekechea.

"Na viatu vya watoto, nani alikuwa anawafunga?"

"Mimi. Walimu wao walikuwa wanaumwa mgongo."

Honorina akautoa mfukoni ule mrija wa dawa, akauweka mezani kati ya maganda ya vitunguu. Sista Casilda akachukua sufuria isiyohitaji kuchukuliwa akatoka nayo.

Visi aliutazama mrija, akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kulia kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye vitunguu. Kisha akasema yote bila kuulizwa. Alinunua dawa ile kwa ajili ya Saturio, akampa, akaikataa, kwa sababu ni mtu wa kukataa kila kitu anachopewa. Basi jana jioni, watu wakiwa mezani, alipita koridoni akafungua begi lake amtilie kwa siri. Mkono ukagonga jiwe. Kubwa, zito, limefungwa leso. Akajua ni wale mahayawani wa Castellón wamerudia, na safari hii wamelifunga kitambaa asilisikie mgongoni.

"Hukufikiri kwamba ni lake?"

"Mawe ya watu ni kama njugu, Inspekta. Langu mimi linakaa kwenye kiganja, hili hapa." Alilionyesha. "Nani anabeba tofali zima kutoka nyumbani kwake? Nikasema nimpunguzie. Nikalitoa, nikalitupa pale kwenye lundo la mafundi. Leso nikaikunja nikamrudishia, nilidhani wamemwibia yake walifungie."

"Yeye hakuwahi kukuambia?"

"Siku zote hizi tumetembea pamoja, ameniambia habari za lori lake, za ng'ombe, za theluji. Ya mtoto hakuniambia. Nimeyasikia leo asubuhi kwa Sista, yeye ameshaenda kwenu. Nikakimbilia kwenye lundo. Nimepindua kila jiwe. Halipo."

Akafungua aproni. Alitaka kuondoka kabla mzee hajarudi. Angekwenda stesheni achukue treni ya Logroño, na Inspekta amwambie Saturio vyovyote apendavyo, hata kwamba amefungwa. Alisema hawezi kukaa mbele ya macho ya mtu yule. Honorina akamwambia kwamba hajamruhusu kuondoka, na kama anataka kufungwa basi afungwe pale pale jikoni mpaka supu iive. Kisha, kwa sauti nyingine, akamwambia kwamba kama aliweza kuinyoosha leso ya mzee, basi akae alinyooshe na hili. Visi akakaa.

Honorina alitoka uani. Jiwe haliwezi kutembea, na lundo la mawe ya ujenzi halipungui ila upande mmoja tu, ule wa ukuta. Alimwita fundi mkuu, mtu wa milima ya huko Boñar aitwaye Tarsicio Orejas, akamuuliza kama asubuhi ile walikuta katika lundo lao jiwe wasilolileta wao.

Tarsicio hakuhitaji kukumbuka. Walipoanza kazi alikuta juu ya lundo jiwe jekundu, na yeye mawe yake yote ni ya manjano, ya kwao. Alidhani masista wamelichimbua bustanini. Lilikuwa limechongwa upande mmoja, na aliyelichonga alikuwa anajua kazi yake, akapenda kulitumia. Alikuwa anahitaji la pembeni, kwa hiyo akaliweka pale ukuta unapogeuka. Likakaa utadhani lilikatwa kwa ajili ya pale.

"Liko wapi sasa?"

Tarsicio akanyoosha mwiko. Ukuta wote mpya ulikuwa umefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, udongo usikauke haraka kwa jua. Akashika pembe ya gunia, akalifunua. Jiwe jekundu lilikuwa pale, kwenye kona, usawa wa kifua cha mtu, uso wake laini umetazama bustani.

Belarmino alivua kofia. Honorina akamtuma kituoni akamlete mzee kwa gari, na asimwambie kitu njiani. Belarmino akasema hilo la pili litakuwa gumu.

Yaelekea alijitahidi, kwa sababu Mzee Saturio aliingia uani akiwa hajui chochote, anatazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumsalimia. Alimwona Visi amesimama kwenye mlango wa jikoni, akamwinamishia kichwa. Visi hakungoja Honorina aanze. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akamwambia kwamba ni yeye aliyechukua, kwa nini alichukua, na alilitupa wapi. Alisema haraka haraka, na alipomaliza akabaki ameshika aproni kwa mikono miwili.

Nyundo zilikuwa zimesimama. Mafundi walijifanya wanasafisha vyombo.

"Ulilisikia uzito wake?" aliuliza Saturio.

"Nililisikia."

"Basi nawe umembeba. Mwingine aliyewahi kumbeba ni mama yake."

Visi aliweka mkono mdomoni. Honorina akaona ndio wakati, akamwongoza mzee mpaka kwenye kona. Tarsicio alikuwa ameshaweka tindo na nyundo tayari. Alimwomba mzee radhi, akamweleza kwamba udongo bado mbichi, analitoa sasa hivi, halitapata hata mkwaruzo, atalifuta na kumpa, na asubuhi ya kesho atakuwa njiani kama alivyopanga.

Mzee alisogea ukutani. Alipitisha kidole gumba pembezoni mwa jiwe, mahali udongo ulipokutana nalo, kama anayempapasa mtoto sikio. Kisha alirudi nyuma hatua chache kuona ukuta wote. Akauliza utafika urefu gani. Tarsicio akamwonyesha kwa mkono. Akauliza jiwe lile linabeba nini. Tarsicio akasema, kona yote. Mistari yote ya juu, ya huku na ya huku, inakuja kukutana juu yake.

"Na utadumu?"

"Mimi nikifa, wewe ukifa, na masista hawa wote wakifa, utakuwa umesimama."

Sista Casilda, dirishani, akamshukuru kwa kumkumbusha.

Tarsicio alichukua tindo, akaweka ncha yake kwenye udongo, akainua nyundo. Mzee akamshika mkono.

"Ngoja kidogo." Akamgeukia Honorina. "Inspekta, kule juu, Msalaba wa Chuma, basi linafika?"

"Barabara ipo. Basi hakuna. Lazima ukodi gari, na kutoka hapo kuna kilima cha kupanda, mawe matupu."

"Mtu wa nyonga mbovu?"

"Hawezi."

"Na hapa? Kutoka Soria mpaka hapa?"

"La asubuhi linamshusha stesheni. Kutoka stesheni Belarmino atamleta mpaka mlangoni, au nitamkata likizo."

Belarmino alisema kwamba ataleta na kiti.

Saturio aliitikia kwa kichwa, polepole. Aliiondoa tindo ya Tarsicio ukutani kwa vidole viwili, akamkabidhi mwenyewe. Kisha akamwambia Visi kwamba kesho yeye aendelee na njia, asimngoje. Visi akauliza aendelee peke yake kwa ajili ya nini. Mzee akasema kwa ajili ya jiwe lake mwenyewe, lile la njugu, na akifika juu awasalimie waliopo. Visi akasema magoti yake mzee ayachue asubuhi na jioni. Mzee akasema atachua.

Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwake. Aliitazama, na mafundi wote wakaitazama. Honorina alitaka kuwaondoa watu, lakini mzee alishapokea, akageukia ukuta, akasimama karibu nao sana.

"Benita," alisema. Akasikiliza. "Hapana. Hajachoka." Akasikiliza tena, na mkono wake mwingine ukaenda kwenye jiwe ukabaki pale. "Sikia, mke wangu. Toa koti zuri. Nakuja kukuchukua. Hapana, mlimani hatuendi tena. Tunakuja León. Amepata kazi huku, Benita, ukutani kwa masista. Njoo umwone."